Picha za barafu ya ncha za dunia: uchague picha ya marudio, kamera ya kudumu, droni au setilaiti?

Anayetaka kueleza mabadiliko ya Aktiki au Antaktika kwa picha ana njia nne kubwa. Ipo picha ya marudio: unasimama pale pale aliposimama mpiga picha wa zamani na kupiga upya. Ipo kamera ya kudumu, inayofungwa mwambani na kuachwa ipige yenyewe kila baada ya muda uliopangwa. Ipo droni. Na zipo picha za setilaiti, ambazo nyingi hupatikana bure bila kusafiri popote. Ya tano, picha ya mkononi ya mnyama au ya watu, tumeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayosambaa kuliko zote, na ndiyo inayopotosha kwa wepesi zaidi.

Wengi huanza kwa kuuliza kamera ipi inafaa. Tungependa uanze na maswali mawili mengine: kitu unachotaka kionekane kina ukubwa gani, na kinabadilika kwa kasi gani? Ukishayajibu hayo, mara nyingi njia mbili kati ya nne huondoka zenyewe.

Hesabu moja kabla ya kufunga mizigo

Eneo linaloingia ndani ya pikseli moja hupatikana hivi: chukua upana wa pikseli kwenye sensa, zidisha kwa umbali wa kitu, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 na pikseli 6,000 kwa upana ina pikseli za mikroni 6. Ifunge lenzi ya milimita 24, iweke kilomita 3 kutoka ukingo wa mto wa barafu (glacier, barafu nene inayoteremka polepole), na pikseli moja itabeba sentimita 75 za barafu. Kwa lenzi ya milimita 400 na umbali wa mita 800, pikseli moja ni sentimita 1.2.

Sasa pambanisha na mwendo wenyewe. Sermeq Kujalleq, mto wa barafu wa magharibi mwa Greenland unaojulikana pia kwa jina la Jakobshavn, umewahi kupimwa ukisogea zaidi ya mita 40 kwa siku. Kwa ile lenzi ya milimita 24, hizo ni pikseli zaidi ya 50 kila siku, na kamera ya kudumu itauona mwendo huo bila taabu. Lakini mto mdogo wa bondeni unaosogea sentimita 20 kwa siku utachukua karibu siku nne kuvuka pikseli moja. Kuupiga kila nusu saa ni kujaza memori kadi kwa picha zisizo na tofauti. Huo unataka lenzi ndefu, au unataka picha ya marudio, mwaka kwa mwaka.

Hesabu hii inahusu mwendo unaokatisha mbele ya kamera. Barafu inayokujia moja kwa moja haionekani kusogea hata kama inakimbia, kwa hiyo kamera ikae ubavuni mwa mto, juu ya mwamba, isikabili pua yake.

Picha ya marudio: nguvu yake na mtego wake

Hakuna njia inayoeleweka haraka kuliko hii. Mtu asiyejua lolote kuhusu barafu akiwekewa picha mbili za bonde moja ataelewa kabla hujafungua mdomo. Mfano unaotumika sana ni wa Muir Glacier huko Alaska: William O. Field aliupiga tarehe 13 Agosti 1941, na Bruce Molnia wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, akaupiga kutoka mahali hapo hapo tarehe 31 Agosti 2004. Kati ya picha hizo mbili barafu ilirudi nyuma zaidi ya kilomita 12 na kupungua unene kwa zaidi ya mita 800. Palipokuwa na barafu pana maji, na miamba iliyokuwa mitupu imeota vichaka.

Mtego ni kwamba picha mbili hazisemi barafu ilirudi kwa kasi gani katikati, wala hazisemi sababu. Barafu ya eneo hilo la Glacier Bay ilianza kurudi nyuma zamani: msafara wa George Vancouver mwaka 1794 uliikuta karibu na mdomo wa ghuba, na John Muir alipofika mwaka 1879 ilikwisha kurudi zaidi ya kilomita 40. Mito ya barafu inayoishia baharini ina tabia zake. Kina cha maji na umbo la sakafu ya ghuba vinaweza kuifanya ikimbie nyuma miongo mizima hata joto likiongezeka kidogo tu. Msomaji makini akikuonyesha hilo baada ya wewe kuandika kuwa jozi moja ya picha inathibitisha ongezeko la joto duniani, umepoteza imani yake. Dawa ni kuonyesha mito kadhaa, na miongoni mwake iwepo inayoishia nchi kavu, maana hiyo hufuata hali ya hewa kwa ukaribu zaidi.

Kupata mahali penyewe ndiko kunakokula muda. GPS ya kawaida inakosea mita 3 hadi 5, na kosa hilo linatosha kuharibu picha yenye miamba ya karibu. Fanya hivi: kwenye picha ya zamani tafuta jozi za vitu vinavyokaribia kugusana kwa macho, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, tuseme jiwe la mbele na kilele cha nyuma. Tafuta jozi moja upande wa kushoto, moja upande wa kulia, na moja ya kupimia kimo. Ukiona jiwe limekaa kushoto ya mahali pake pa zamani, umesimama kulia mno, sogea kushoto. Likionekana chini mno kulingana na kilele, umesimama juu mno. Endelea mpaka jozi zote tatu zikubaliane, kisha ndipo ufungue miguu ya tripodi.

Usijaribu kurekebisha nafasi kwa kuzungusha zumu. Mahali uliposimama ndipo panapoamua vitu vinapangikaje. Lenzi inaamua tu kiasi gani kinaingia kwenye fremu. Kwa hiyo piga kwa upana kuliko picha ya zamani, halafu kata kingo ukiwa mezani.

Tarehe ni muhimu sawa na mahali. Aktiki, piga mwisho wa msimu wa kuyeyuka, yaani mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Rasi ya Antaktika, Februari. Usizidishe tofauti ya wiki mbili na picha ya zamani, na ulenge saa ile ile ya jua. Theluji mpya ikianguka usiku wa kuamkia siku ya kupiga, subiri iyeyuke: inaficha ukingo wa barafu na kuufanya mto uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Na kama kituo cha zamani kimeporomoka au kimezibwa na vichaka, panda mahali pengine, lakini andika umehama mita ngapi na kuelekea wapi.

Kamera ya kudumu

Njia hii ilipata umaarufu kupitia Extreme Ice Survey, mradi ulioanzishwa na mpiga picha James Balog mwaka 2007, uliofunga kamera kwenye mito ya barafu ya Greenland, Iceland, Alaska na kwingineko, nyingi zikipiga kila nusu saa mchana kutwa. Inakupa kile ambacho picha ya marudio haina: unaona ni lini hasa barafu iliongeza mwendo, ziwa lilikauka siku gani, ukingo ulimeguka mara ngapi.

Fanya hesabu ya picha kabla ya kununua chochote. Kila nusu saa, kwenye kiangazi ambacho jua halizami, ni picha 48 kwa siku. Siku 120 ni picha 5,760. Ukizichezesha 25 kwa sekunde unapata video ya dakika 3 na sekunde 50. Faili ghafi (RAW) za MB 25 kila moja zitataka GB 144. JPEG za MB 8 zitataka kama GB 46. Kwa mto wa mwendo wa wastani, picha moja kwa saa inatosha kabisa, nayo inapunguza nusu ya kila kitu, hasa umeme.

Kuna jambo moja ambalo wanaoipenda njia hii huwa hawalitilii maanani. Tarehe 28 Mei 2008 mradi huo huo wa Balog ulirekodi kumeguka kukubwa kwa barafu huko Ilulissat, magharibi mwa Greenland, kulikodumu takriban dakika 75. Kamera ya nusu saa ingepata picha mbili au tatu tu za tukio hilo. Waliolipata ni watu wawili waliopiga kambi mbele ya barafu, kamera zikiwa tayari. Kwa hiyo kama unataka mshindo wa barafu inayoanguka, kamera ya kudumu si chaguo lako. Yenyewe itakuonyesha kabla na baada. Na ukipata mshindo huo, usiuite ushahidi wa joto kupanda, kwa kuwa mto wa barafu unaoishia baharini humeguka hata katika miaka ya afya. Ushahidi uko kwenye mizania: unapoteza mwishoni kuliko unavyopata juu?

Vifaa vyenyewe si vingi: kamera, taima ya kuipigisha, sanduku lisilopitisha maji lenye kioo tambarare, betri ya volti 12, paneli ya sola na kidhibiti chaji chake, nguzo ya chuma na waya nne za kuikaza. Shida iko kwenye yatakayovipata.

Umeme ndio unaoua vituo vingi. Betri ya asidi na risasi kwenye −20 °C hutoa karibu nusu ya uwezo wake, na ikiisha chaji kabisa maji yake huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasua ganda. Iliyojaa haigandi hata kwenye baridi kali. Betri za lithiamu ayoni hazipaswi kuchajiwa chini ya 0 °C, kwa sababu lithiamu hujipaka kama chuma juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani, na betri haiponi tena. Paneli isimamishwe karibu wima: jua la huko liko chini, tena theluji haitulii juu ya paneli iliyosimama. Katika usiku mrefu wa majira ya baridi paneli haina kazi yoyote, basi pangia taima ilale miezi hiyo, au tumia kamera ndogo ya kunasa wanyama yenye betri za AA za lithiamu zisizochajiwa, ambazo hufanya kazi hadi −40 °C.

Halafu kuna mtikisiko. Nguzo ifungwe kwenye mwamba imara wa ardhini, kamwe isichimbiwe kwenye barafu: ukingoni mwa Greenland uso wa barafu unaweza kushuka mita kadhaa kwa kiangazi kimoja, na nguzo itaanguka. Hata mwambani upepo utaigeuza kamera kidogo. Ndiyo maana kila fremu iwe na angalau alama tatu za mwamba usiosogea, zilizotawanyika. Programu itazitumia kuipanga kila picha upya. Bila alama hizo huwezi kutofautisha mwendo wa barafu na mwendo wa kamera, na video yako itabaki pambo.

Saa ya kamera nayo hupotea. Iweke kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, piga picha ya kioo cha GPS kinachoonyesha saa siku ya kufunga, na tena siku ya kufungua. Tofauti uigawanye kwa siku zote za katikati. Kosa la sekunde moja kwa siku ni dakika sita kwa mwaka. Angalia pia majina ya faili: kamera nyingi zikifika 9999 hurudi kwenye 0001, na mtu anayepanga kwa jina badala ya tarehe atachanganya misimu miwili. Mbweha hutafuna nyaya; zipitishe ndani ya bomba la chuma.

Faida ya mwisho ya njia hii ni ushirikishwaji. Mradi wa Penguin Watch, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oxford, tangu 2014 umekuwa ukiwapa watu wa kawaida mtandaoni picha za kamera za kudumu za Antaktika wahesabu pengwini, na hesabu zao zinaingia kwenye utafiti. Mtu aliyehesabu vifaranga kwa mkono wake hahitaji hotuba ndefu ili aanze kujali.

Droni

Droni inajaza pengo kati ya mwamba na anga. Yenye sensa ya upana wa milimita 13.2, pikseli 5,472 na lenzi ya milimita 8.8, ikiruka mita 100 juu, inapiga ukanda wa mita 150, pikseli moja ikiwa sentimita 2.7. Nyufa, mashimo ya maji na vumbi jeusi linalozamisha vishimo kwenye barafu vyote vinaonekana, na picha zikipishana asilimia 80 mbele na 70 ubavuni, programu inakujengea ramani ya vimo. Weka alama za ardhini zisizopungua tano, za rangi nzito, zilizopimwa kwa GPS sahihi, na mbili za ziada usizozitumia kujenga ramani bali kuikagua.

Theluji mpya inashinda programu hizo, kwani haina doa la kushika. Ruka jua likiwa chini, matuta madogo ya upepo yatupe vivuli, au chagua theluji ya zamani iliyochafuka.

Baridi yenyewe inavumilika: tunza betri ndani ya koti, elea dakika moja karibu na ardhi zipate joto, na tua zikibaki asilimia 35. Hatari zaidi ni ukungu wa nyuzi chache chini ya sifuri, unaojenga barafu kwenye mapanga ndani ya dakika chache. Mlio ukibadilika, teremsha mara moja. Karibu na ncha ya sumaku dira inayumba kwa sababu nguvu ya sumaku inaelekea wima badala ya mbele, basi uwe fundi wa kuirusha kwa mkono. Ukirusha kutoka sitahani, zima amri ya kurudi nyumbani yenyewe: nyumbani kwake ni pale meli ilipokuwa, na sasa ni maji.

Lakini kinachoamua mara nyingi ni sheria. Kampuni zilizo chini ya IAATO, muungano wa waendesha utalii wa Antaktika, haziruhusu wageni kurusha droni za burudani kwenye pwani za Antaktika, na kazi ya utafiti au ya filamu inahitaji kibali chini ya Itifaki ya Mazingira iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991, kinachotolewa na nchi husika. Huko Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo Aktiki, kijiji cha utafiti cha Ny-Ålesund kimezungukwa na eneo la ukimya wa redio la kilomita 20, kati ya gigahezi 2 na 32, ili kulinda darubini za redio; droni nyingi huongozwa kwa gigahezi 2.4, kwa hiyo zimo ndani ya katazo hilo. Anza kuomba kibali miezi mingi kabla. Ukinyimwa, lenzi ya milimita 400 kutoka mlimani itakupa nusu ya ulichotaka.

Setilaiti

Kwa mambo makubwa hakuna mbadala. Bamba la barafu inayoelea la Larsen B, kwenye Rasi ya Antaktika, lilipovunjika kuanzia 31 Januari 2002, takriban kilomita za mraba 3,250 zilisambaratika ndani ya siku 35, na mfululizo wa picha za MODIS, kifaa kilicho kwenye setilaiti za NASA, ndio ulioufanya ulimwengu uone. Wanasayansi wa British Antarctic Survey walitumia picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, kuonyesha kuwa mwishoni mwa 2022 barafu ya Bahari ya Bellingshausen huko Antaktika ilivunjika kabla vifaranga wa pengwini wakubwa, emperor, hawajaota manyoya yasiyopitisha maji. Makoloni manne kati ya matano yalipoteza uzazi wa mwaka huo. Pengwini mmoja mmoja haonekani kwenye pikseli ya mita 10. Kinachoonekana ni doa la kahawia la kinyesi chao juu ya barafu nyeupe, na siku doa linapotoweka pamoja na barafu, habari imekamilika.

Landsat, mfululizo wa setilaiti za Marekani, ina picha tangu 1972, na zimekuwa za bure tangu 2008. Sentinel-2 ilianza 2015. Zote mbili zinahitaji mwanga wa jua na anga safi. Kwa giza la majira ya baridi na siku za mawingu tumia rada ya Sentinel-1, ila ujue picha zake za kijivu zinamchanganya msomaji: barafu laini huwa nyeusi, na maji yenye mawimbi huweza kuwa meupe.

Kosa la wanaoanza ni kuchukua wingu kwa theluji. Zote nyeupe kwa macho, lakini kwenye mwanga wa infraredi ya mawimbi mafupi theluji inafyonza na wingu linaakisi. Chukua bendi ya kijani (B3 ya Sentinel-2), toa bendi ya B11, ambayo ndiyo hiyo infraredi, gawanya kwa jumla ya zote mbili; jibu likizidi 0.4, kwa kawaida ni theluji au barafu. Ukitumia rangi za bandia, ziseme kwa neno: “theluji imepakwa buluu, wingu ni jeupe”. Na weka mstari wa kipimo, maana picha isiyo na kilomita inaweza kuwa kidimbwi au nchi nzima.

Hizi hapa njia zote nne pamoja:

| Njia | Kitu kidogo kinachoonekana | Muda unaofaa | Kinachoiharibu mara nyingi |
|---|---|---|---|
| Picha ya marudio | sentimita hadi mita, kwa umbali | miaka hadi karne | theluji mpya, mahali pasipo sahihi |
| Kamera ya kudumu | sentimita kadhaa hadi mita 1 | saa hadi misimu | umeme, nguzo kuyumba |
| Droni | sentimita 1 hadi 5 | siku hadi mwaka | sheria, ukungu, theluji isiyo na alama |
| Setilaiti ya bure | mita 10 hadi 30 | siku hadi miongo | mawingu, giza |

Ushauri wetu ulio wazi: mwenye wiki moja na mkoba mmoja achague picha ya marudio na aiambatanishe na picha mbili za setilaiti za tarehe hizo hizo, pale zinapopatikana. Jozi hiyo ni nafuu, haihitaji kibali cha droni, na kila upande unaziba udhaifu wa mwenzake: picha ya ardhini inampa msomaji mahali pa kusimama, ya angani inampa kilomita. Kamera ya kudumu ni ya mwenye uhakika wa kurudi. Asiye na uhakika huo asiifunge, kwa sababu sanduku na betri ya asidi vilivyotelekezwa ni taka mahali ambapo hakuna wa kuizoa.

Weupe wa theluji

Njia yoyote ya ardhini itakutana na hili. Kamera hudhani kila tukio ni la kijivu, basi theluji safi, inayoakisi asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, itatoka kama majivu. Ongeza mwangaza kwa stopu 1.3 hadi 2 (stopu moja ni mwanga maradufu), ukichunga histogramu, grafu ya mwangaza kwenye kioo cha kamera, isigonge ukuta wa kulia. Tatizo hapa si uzuri tu. Barafu ya Greenland inatiwa giza na mwani, masizi na vumbi, nayo ikiwa nyeusi zaidi inafyonza joto zaidi; ukiipiga kwa mwangaza unaobadilika fremu hadi fremu, umeifuta habari yenyewe. Piga faili ghafi, funga mwangaza na mizani ya weupe kwa mkono, na kwenye fremu ya kwanza weka kadi ya kijivu. Rangi ya buluu ya barafu nzito ni ya kweli, kwa kuwa barafu hufyonza wekundu. Ukiiongeza kwa programu mpaka ing'ae, mwanasayansi hawezi tena kuitumia.

Mnyama, watu, na maneno chini ya picha

Desemba 2017 video ya dubu mweupe aliyekonda ilisambaa duniani kote, ikiwa na maneno yaliyomfanya kuwa sura ya mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2018 National Geographic, iliyoichapisha, ilikiri kuwa ilivuka mpaka: hakuna aliyejua kwa nini dubu yule alikuwa anakufa. Huenda alikuwa mgonjwa, mzee au amejeruhiwa. Uhusiano kati ya dubu na barafu ya bahari ni wa kweli na umepimwa, ila unapimwa kwa kundi na kwa miaka, na mnyama mmoja hawezi kuubeba.

Linganisha na picha ya Steffen Olsen wa taasisi ya hali ya hewa ya Denmark, ya tarehe 13 Juni 2019, kaskazini-magharibi mwa Greenland: mbwa wa sleji wanaonekana kama wanakimbia juu ya bahari. Olsen mwenyewe alieleza kinachoonekana. Chini ya maji kulikuwa na barafu ngumu yenye unene wa takriban mita 1.2, isiyo na nyufa za kutosha kuyapitisha maji yaliyoyeyuka kwa ghafla. Picha haikupungua nguvu kwa maelezo hayo. Waliozidisha chumvi ni waliosambaza bila kuyasoma.

Kwa wanyama, umbali una sheria. Svalbard tangu 1 Januari 2025 hutakiwi kumkaribia dubu chini ya mita 300, na mita 500 kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni. Antaktika, mita 5 kutoka kwa pengwini ndiyo kiwango cha chini, na tangu homa ya ndege ilipofika huko wageni hawaruhusiwi kupiga magoti, kukaa wala kuweka mkoba chini karibu na wanyama. Kwa hiyo sahau picha ya usawa wa ardhi, chukua lenzi ndefu. Osha miguu ya tripodi na kuikagua kila unapohama kisiwa, mbegu hupanda humo.

Chini ya kila picha, kwa njia yoyote uliyochagua, yawepo: mahali pamoja na latitudo na longitudo, tarehe na saa kwa UTC, mwelekeo wa kamera, lenzi, umbali wa kitu, kipimo cha ukubwa, na sentensi moja inayosema picha haionyeshi nini. Ukionyesha barafu ya bahari, andika kuwa inaelea na kwamba kuyeyuka kwake hakupandishi bahari moja kwa moja. Ya nchi kavu ndiyo inayopandisha. Maneno hayo yaingize ndani ya faili yenyewe, maana ukurasa hubaki nyuma picha inaposambazwa, na faili ghafi uihifadhi pasipo kuigusa.